Umelenga huyu, ukapata yule: utatuzi wa makosa ya RNG kwenye Pokémon

Umehesabu fremu (hatua za RNG, jenereta ya namba nasibu ya gemu), umebonyeza A kwa wakati, na Pokémon aliyetoka ana IV (namba fiche ya kila sifa, 0 hadi 31) ya 2 kwenye Speed badala ya 31. Wengi hapo huzima konsoli na kuanza upya. Wanatupa ushahidi. Tabia (nature) ya Pokémon huyo, jinsia yake na IV zake sita zimetoka kwenye mnyororo mmoja wa namba, na mnyororo huo unafuatika kurudi nyuma hadi fremu uliyoiangukia. Mkamate, mpime, tafuta fremu aliyotokea, ndipo uguse taima. Ukirekebisha kabla ya kujua ulipoangukia, unabahatisha juu ya jambo ambalo lina jibu.

Mwongozo huu umejikita kwenye kizazi cha 3 (Ruby, Sapphire, Emerald, FireRed, LeafGreen), cha 4 (Diamond, Pearl, Platinum, HeartGold, SoulSilver) na cha 5 (Black, White na matoleo yake ya 2), kwa sababu huko kidole, saa na programu ya kutafutia fremu vinatosha. Kwa kutafuta, PokéFinder au RNG Reporter; kwa kuhesabu muda, EonTimer.

Mnyororo wenyewe

Katika kizazi cha 3 na cha 4 gemu hutunza namba moja ya biti 32. Kila inapohitaji namba nasibu huizidisha kwa 0x41C64E6D (0x ni alama ya heksadesimali, hesabu ya msingi wa 16), hujumlisha 0x6073, hubakiza biti 32 za chini, kisha hutumia biti 16 za juu za jibu. Namba ya kuanzia ndiyo mbegu. Mbegu ileile huzaa mfuatano uleule, leo na kesho.

Chukua mbegu 0. Nusu za juu za namba sita za kwanza, kwa heksadesimali, ni 0000, E97E, 5271, 31B0, 8E42, E2CC. Pokémon anayeundwa kuanzia namba ya pili kwa utaratibu unaoitwa Method 1 huchota namba nne mfululizo. E97E inakuwa nusu ya chini ya PID (namba ya utambulisho ya Pokémon) na 5271 nusu ya juu, kwa hiyo PID ni 5271E97E. Kisha 31B0 inabeba IV za HP, Attack na Defense, na 8E42 inabeba Speed, Sp. Atk na Sp. Def. Angalia mpangilio huo: Speed inatangulia, tofauti na inavyoonekana kwenye skrini. Anayekokotoa kwa mkono akisahau hilo hupata IV sahihi zilizokaa mahali pasipo pake, na hutafuta kosa usiku kucha.

PID hiyo kwa desimali ni 1383197054. Igawe kwa 25, baki ni 4. Ukihesabu tabia kuanzia 0, ambayo ni Hardy, namba 4 ni Naughty. Biti ya mwisho ni 0, basi anapata uwezo wa kwanza wa spishi yake. Baiti ya mwisho ni 7E, yaani 126. Kwa spishi yenye madume na majike nusu kwa nusu mpaka ni 127, na aliye chini ya mpaka ni jike, kwa hiyo huyu ni jike. Kwa spishi ambayo jike ni mmoja kati ya wanane mpaka ni 31, na PID ileile hutoa dume. IV zinakatwa biti tano tano kuanzia chini: 31B0 inatoa 16, 13, 12, 8E42 inatoa 2, 18, 3. Biti ya kumi na sita haitumiki.

Weka mfano huu karibu. Tutaurudia.

Dalili: kikokotoo cha IV kinakataa, au kinakupa IV ishirini kwa sifa moja

Hii ianze, kwa kuwa utambuzi wote unaofuata unasimama juu ya IV zilizosomwa vizuri.

Tangu kizazi cha 3 sifa (isipokuwa HP) hukokotolewa hivi: mara mbili ya sifa ya msingi ya spishi, jumlisha IV, jumlisha robo ya EV (pointi zinazopatikana kwa vita au vitamini), zidisha kwa leveli, gawa kwa 100, dondosha desimali, ongeza 5, kisha tabia ipandishe au ishushe kwa asilimia 10. HP haiguswi na tabia, na badala ya 5 huongezewa leveli na 10.

Ona kinachotokea leveli 5. Spishi yenye sifa ya msingi 45 na tabia isiyogusa sifa hiyo: IV 0 hadi 9 zote huonyesha 9, IV 10 hadi 29 zote huonyesha 10, na 30 au 31 huonyesha 11. Ukiona 10 kwenye skrini umejifunza kidogo sana. Leveli 50 IV bado zinajificha mbilimbili. Leveli 100 kila IV inaonekana peke yake, ila pale tabia inapopunguza sifa na desimali zikadondoka tena.

Dawa ni Rare Candy, kwa sababu inapandisha leveli bila kuongeza EV. Hifadhi gemu mbele ya shabaha, mkamate, mlishe, andika sifa zote sita kila leveli, ingiza kila mstari kwenye kikokotoo. Ukimaliza kusoma, washa upya bila kuhifadhi. Pipi zako zinarudi. Kuanzia kizazi cha 4 soma pia sentensi ya silika kwenye ukurasa wa maelezo yake, mfano "Likes to run". Inataja sifa yenye IV kubwa kuliko zote na baki la IV hiyo ikigawanywa kwa 5, na mara nyingi inaokoa pipi mbili tatu.

Kikokotoo kikisema hakuna IV inayowezekana kabisa, kagua haya:

Pokémon amepigana. EV 4 ni pointi moja leveli 100, na vitamini moja tu inatosha kuharibu usomaji. Katika kizazi cha 3 na cha 4 ubaya unajificha zaidi: EV za vita haziingii kwenye sifa papo hapo, zinasubiri hadi leveli ipande, kwa hiyo usomaji wa kwanza unakuwa sawa na wa pili unapinda.

Tabia imesomwa vibaya. Rangi za kuonyesha sifa iliyopandishwa na iliyoshushwa zilianza HeartGold na SoulSilver. Kabla ya hapo lazima ujue jedwali la tabia kichwani au ulifungue.

Kwenye gemu za karibuni, amefanyiwa Hyper Training (tangu Sun na Moon), ambapo sifa inakokotolewa kama yenye 31 ilhali IV iliyohifadhiwa haijabadilika. Au amepewa minti (tangu Sword na Shield): jina la tabia linabaki la zamani, sifa zinafuata minti. Pokémon wa namna hiyo hafai kuwa ushahidi wa fremu. Tumia mwingine.

Dalili: tabia na jinsia ni sahihi, IV si zenyewe (kizazi cha 3)

Hili ndilo kosa linalowatoa watu jasho, kwa sababu linaonekana kama nusu ya ushindi.

Kila sehemu ya 60 ya sekunde hivi, skrini inapochorwa upya, gemu husimamisha kazi yake kwa muda mfupi na katika kusimama huko huchota namba moja nasibu. Kwa kawaida hilo hutokea kabla au baada ya Pokémon kuundwa. Likitokea katikati, namba moja inamezwa.

Rudi kwenye mfano. Namba ikimezwa kati ya PID na IV, PID haiguswi: bado ni 5271E97E, Naughty, jike. Lakini 31B0 imepotea, na IV zinatoka 8E42 na E2CC: HP 2, Attack 18, Defense 3, Speed 12, Sp. Atk 22, Sp. Def 24. Hiyo ni Method 2. Namba ikimezwa kati ya kundi la kwanza la IV na la pili, unapata 16, 13, 12 kama kawaida, halafu Speed 12, Sp. Atk 22, Sp. Def 24. Hiyo ni Method 4.

Basi utambuzi ni mwepesi. HP, Attack na Defense sahihi na tatu za mwisho vibaya: Method 4. Zote sita vibaya huku PID ikilingana: Method 2. Katika hali zote mbili muda wako ni sahihi kabisa. Usiguse taima! Rudia vilevile, au chagua shabaha nyingine.

Pokémon wasiohama na wa zawadi karibu kila mara hufuata Method 1. Tatizo ni la porini, na huko kuna jambo la ziada. Gemu kwanza huchagua tabia (namba nasibu, baki la 25), kisha huchota PID moja baada ya nyingine hadi ipate iliyo na tabia hiyo. Fremu kadhaa za jirani zinaweza kuishia kwenye PID ileile. Kwa hiyo ukimtafuta Pokémon wa porini kwa kuchagua Method 1 kwenye programu badala ya Method H (utaratibu wa porini), unaweza kumpata kwenye mnyororo, lakini namba ya fremu utakayopewa si ile uliyobonyezea.

Hapohapo angalia kiongozi wa kundi lako. Katika Emerald, Pokémon mwenye Synchronize akiwa mbele huchotewa namba yake ya kuamua kama tabia yake itatumika, nusu kwa nusu. Uchotaji huo unasogeza kila kinachofuata. Kama programu haijui kuwa umeongoza na Synchronize, itatafuta mnyororo usio wako.

Dalili: unakosa kwa kiasi kilekile kila mara

Hii ni habari njema. Emerald huanza na mbegu 0 kila inapowashwa, kwa hiyo fremu ni muda tu tangu kuwasha: fremu 59.7275 kwa sekunde kwenye Game Boy Advance. Fremu 10000 ni sekunde 167.4, yaani dakika 2 na sekunde 47.4. Ukimkamata Pokémon wako ukamkuta kwenye fremu 10031, ulichelewa nusu sekunde na kidogo. Andika 10031 kwenye sehemu ya fremu uliyoangukia ya EonTimer, bonyeza kitufe cha kusasisha, rudia.

Sehemu ya pengo hilo si uzembe wa kidole. Kati ya kubonyeza A na Pokémon kuundwa gemu ina mambo yake ya kufanya, na kila tukio lina ucheleweshaji wake. Marekebisho uliyoyapata kwa Pokémon wa kuanzia hayafai kwa yule wa pangoni. Anza upya kwa kila shabaha.

Ukifika mahali unaangukia ndani ya fremu tano kila upande, kazi ya taima imekwisha. Fremu moja ni milisekunde 17 hivi na hakuna taima itakayokusaidia zaidi. Rudia tu.

Dalili: pengo linakua kadiri unavyosubiri

Kasi uliyoiweka si ya konsoli yako. Katriji ya Game Boy Advance ikichezwa ndani ya DS haiendi 59.7275 bali 59.6555, na gemu za DS zenyewe huenda 59.8261. Kwa fremu 10000, tofauti ya mbili za kwanza ni takriban fremu 12. Kwa fremu 100000 ni 120. Chagua konsoli sahihi kwenye mipangilio ya EonTimer kabla ya kitu kingine chochote, la sivyo kila urekebishaji utakuwa sahihi kwa shabaha moja na mbovu kwa inayofuata.

Dalili: unakosa kwa kiasi tofauti tofauti, mamia ya fremu

Kuna kitu kinachota namba ambacho hukukihesabu. Katika kizazi cha 3, ukiwa vitani namba zinakwenda mbili kwa fremu badala ya moja. Pambano dogo njiani linavuruga hesabu yote. Wahusika wanaotembeatembea pia wanachota. Hifadhi gemu mahali ambapo umebakisha kubonyeza A tu, na usubiri ukiwa umefungua menyu, kwa sababu menyu inawasimamisha.

Kama si hivyo, huenda gemu yako haianzi na mbegu 0. Ruby na Sapphire huchukua mbegu kwenye saa ya ndani. Betri ya katriji ikifa, mbegu inakuwa 0x5A0 daima, na unazicheza kama Emerald kwa kubadilisha mbegu tu kwenye programu. Ni moja ya mahali pachache ambapo betri iliyokufa ni neema. Ukiibadilisha, unajiongezea kazi. FireRed na LeafGreen ni shughuli nyingine kabisa: mbegu ya biti 16 inasomwa kwenye kihesabio cha kasi cha konsoli unapotoka kwenye skrini ya jina la gemu. Kuna mbegu 65536, na lazima kwanza utambue umeangukia ipi kabla ya kuzungumzia fremu.

Dalili: Pokémon mzururaji (anayehamahama kwenye ramani) ana IV za aibu, kila mara

Latios au Latias wa Ruby na Sapphire, Raikou, Entei au Suicune wa FireRed na LeafGreen: HP inaweza kuwa yoyote, Attack haizidi 7, nyingine zote nne ni 0. Hukukosea. Gemu hizo zina hitilafu inayobeba biti 8 tu za IV za mzururaji: tano zinaenda HP, tatu zilizobaki zinaenda Attack, kwingine hakuna kitu. Hakuna fremu itakayokuokoa. Emerald haina hitilafu hiyo. Mzururaji mlenge huko.

Dalili: kizazi cha 4, mbegu si uliyoilenga

Hapa mbegu unaijenga mwenyewe. Ina baiti nne. Ya kwanza ni mwezi mara tarehe, jumlisha dakika, jumlisha sekunde, ukichukua baki la kugawa kwa 256. Ya pili ni saa. Mbili za mwisho ni dilei, yaani hesabu ya fremu za skrini tangu gemu ianze hadi unapobonyeza kuendelea na mchezo, ikijumlishwa na mwaka ukitoa 2000.

Mfano: tarehe 15 mwezi wa 6 mwaka 2009, saa 14:20:35, dilei 650. Sita mara 15 ni 90. Na 20, na 35, ni 145, yaani 91 kwa heksadesimali. Saa 14 ni 0E. 650 na 9 ni 659, yaani 0293. Mbegu: 910E0293.

Umbo hili linakuambia kosa lako moja kwa moja. Ukitambua kuwa umepata 920E0293, dilei ilikuwa kamili ila sekunde ilipita kwa moja: punguza sekunde ya urekebishaji kwenye taima, acha dilei. Ukipata 910E0299, sekunde ni sawa na dilei imezidi kwa 6, kama moja ya kumi ya sekunde. Usirekebishe vyote viwili kwa pamoja. Na ukipata 900E yenye dilei karibu na yako, ulifungua gemu sekunde moja mapema: tatizo liko kwenye mguso wa kwanza, ule wa menyu ya DS, kidole chako cha pili hakina kosa.

Kutambua mbegu si lazima ukamate Pokémon. Kwenye Diamond, Pearl na Platinum rusha sarafu ya Pokétch (saa ya mkononi ya mchezaji) mara kumi na zaidi, andika kila upande ulioangukia, ingiza kwenye programu. Sarafu inatumia jenereta nyingine, Mersenne Twister, kwa hiyo kuirusha hakusogezi fremu ya Pokémon wako. HeartGold na SoulSilver hawana sarafu. Unampigia Profesa Elm na kuandika majibu yake kwa herufi E, K na P. Tofauti na sarafu, kila simu inasogeza mnyororo kwa moja. Ukipiga simu 8 ukasahau kuzihesabu, uko fremu 8 mbele, na mbegu sahihi itaonekana kama mbaya.

Kuna mtego wa shufwa na witiri. Baadhi ya watu huangukia 648, 650, 652, 654 na kamwe si 651, siku nzima, wakidhani mkono wao ni mbovu. Kama shabaha inataka 651 na wewe unaangukia shufwa tu, acha kupigana na konsoli: badili mwaka. Dilei 651 mwaka 2008 na dilei 650 mwaka 2009 zote zinatoa 659. Tarehe na mwezi havijaguswa, kwa hiyo baiti ya kwanza haibadiliki.

Dalili: kizazi cha 4, mbegu ni sahihi lakini Pokémon siye

Humu mnyororo hausogei na muda kama kizazi cha 3. Unasogea kwa matukio. Kusimama dakika kumi kwenye chumba kisicho na mtu hakubadilishi kitu, ilhali mtoto mmoja anayezunguka chumbani anakula namba bila kukuuliza. Kutembea nako kuna gharama: kila hatua 128 gemu huchota namba kwa kila Pokémon aliyemo kundini, kuamua kama mapenzi yake kwako yanaongezeka. Ukiwa na sita, hiyo ni fremu sita kwa mpigo. Punguza kundi, hifadhi karibu na shabaha, kisha sogeza kwa njia unayoweza kuihesabu: kurasa za shajara kwenye Diamond, Pearl na Platinum zinasogeza 2 kila unapofunua.

Mayai yana minyororo miwili. PID ya yai inatoka Mersenne Twister pale yai linapotengenezwa, na IV zinatoka kwenye mnyororo wa kawaida pale unapolipokea. Yai lenye tabia sahihi na IV mbovu maana yake hatua ya kwanza ilifaulu. Usiirudie, rudia kupokea tu.

Dalili: kizazi cha 5, IV ulizozipata hazionekani kwenye sekunde yoyote ya jirani

Mbegu ya kizazi cha 5 ina biti 64 na inapitia SHA-1, kanuni ya kuchanganya data. Vinavyoingia humo ni pamoja na toleo la gemu, tarehe na saa, anwani ya MAC (namba ya mtandao) ya konsoli, vitufe ulivyoshikilia wakati wa kuwasha, na namba kadhaa za ndani kama Timer0 na VCount. SHA-1 haina karibu. Tarakimu moja ya MAC ikikosewa, matokeo hayafanani kabisa na yale ya kweli, na hakuna urekebishaji wa taima utakaoziba pengo hilo.

Kwa hiyo ukikosa Pokémon wako ndani ya sekunde 5 kila upande, usiguse muda. Hakiki MAC tarakimu kwa tarakimu. Hakiki lugha na toleo la katriji. Hakiki aina ya konsoli, kwa kuwa namba za ndani za DS Lite, DSi na 3DS hazifanani. Kisha fanya upimaji wa vigezo: weka saa, washa gemu kwa sekunde unayoijua bila kushika kitufe chochote, kamata Pokémon wa kwanza, pima IV zake, na uiachie programu itafute Timer0 na VCount zinazozaa IV hizo.

Ukishavipata utaona kitu kingine: sekunde ni sahihi, vitufe ni sahihi, lakini unaangukia mbegu mbili zinazopokezana. Timer0 inayumba yenyewe kati ya thamani za jirani. Hapo dawa ni kurudia, hakuna ujuzi.

IV na PID vimeachana kizazi hiki. IV zinatoka Mersenne Twister iliyopandwa mbegu yako, na tabia inatoka kwenye mnyororo mwingine wa biti 64. IV zikiwa kamili na tabia si yenyewe, mbegu umeipata. Kilichokosewa ni idadi ya hatua kwenye mnyororo wa PID.

Dalili: kila kitu sahihi, rangi adimu (shiny) haikutokea

SID yako (namba ya siri ya mchezaji) si hiyo unayodhani. Kanuni ya kizazi cha 3 hadi cha 5: XOR (ulinganisho wa biti kwa biti) ya TID (namba ya wazi ya mchezaji), SID na nusu mbili za PID lazima iwe chini ya 8, ndipo nafasi ya kawaida inakuwa 1 kwa 8192. Kuanzia kizazi cha 6 mpaka ni 16, nafasi 1 kwa 4096. Katika mfano wetu 5271 XOR E97E ni BB0F, kwa hiyo TID XOR SID lazima iwe kati ya BB08 na BB0F.

TID unaiona kwenye kadi ya mchezaji, SID imefichwa. Kama una Pokémon mmoja wa rangi adimu uliyemkamata mwenyewe kwenye faili hilohilo, pima IV zake, tafuta PID yake kwenye mnyororo, na utabakiwa na SID nane zinazowezekana. Usihangaike kuchuja ipi ni ya kweli. Zinatofautiana kwenye biti tatu za chini tu, na biti hizo hazina kauli kwenye kuamua rangi, kwa hiyo yoyote kati ya nane itatabiri vilevile. Aliyekamatwa na mtu mwingine hafai: rangi yake inategemea TID na SID za mwenyewe.

Gemu za baadaye, kwa ufupi

Tangu X na Y, Pokémon wengi wa hadithi huja na IV tatu za 31 zilizohakikishwa, kwa hiyo kutafuta Pokémon mwenye IV chini ya hapo kwa kutumia kichujio cha zamani hurudisha orodha tupu. Kwenye mapango ya Sword na Shield (raid dens) jenereta ni Xoroshiro128+, na kila pango lina mbegu yake ya biti 64 inayoongezwa 0x82A2B175229D6A5B kila siku inaposogezwa. Kuwasha upya bila kusogeza siku hurudisha Pokémon yuleyule mwenye IV zilezile, hata ukimpiga mara hamsini. Na programu ikikupa IV zisizolingana na uliyemkamata pangoni, angalia kwanza idadi ya IV za 31 uliyoiweka: gemu huchagua mahali pa hizo kabla ya kuchota zilizobaki, kwa hiyo kuweka 3 mahali pa 4 hubadilisha sifa zote zinazofuata.